Stika Haifungi Breki

Nimeamua kulitamka hili hadharani, na atakayenuna na anune. Altezza iliyokatwa springi kwa msumeno, ikabandikwa namba ya mashindano mlangoni, ikafungwa bawa juu ya buti na kuwekewa ekzosi ya kuamsha wafu, si gari la mashindano. Ni uongo wenye magurudumu manne. Na mimi ambaye kazi ninayoitamani maishani ni kutunga uongo (riwaya ni nini kingine?) najua kutofautisha uongo unaomburudisha mtu na uongo unaomtia kaburini.

Najua majibu yanayokuja. Wazee watasema, "Tuliwaambia, vigari hivyo ni uhuni mtupu." Hao simo kundini mwao, na nitawarudia. Washikaji wa kijiweni watasema nina wivu kwa sababu natembelea miguu. Kweli natembelea miguu, na siku nyingine baiskeli ya mjomba. Lakini hata niwe na wivu wa kupasua ini, springi iliyokatwa itabaki imekatwa.

Kwa msomaji asiyepajua, Malolo ni kwetu, Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Unaiacha lami ya barabara kuu iendayo Zambia pale Ruaha Mbuyuni, unashika njia ya vumbi, na masika unashika njia ya tope. Tunalima vitunguu kwa maji ya mifereji, ile skimu ya Mwega. Ni kazi ya kuinama. Unainama kupandikiza, unainama kupalilia, unainama kung'oa, halafu anakuja mnunuzi na gunia lake la lumbesa lililovimba kama mwenye mimba ya mapacha na kukwambia eti hilo ni gunia moja. Mtu akipona hapo, msimu ukawa mzuri na bei ikakaa vizuri, anashika hela. Zamani alinunua bati. Baadaye ikawa pikipiki. Siku hizi kijana anapanda basi kwenda Dar, anazunguka yadi za magari ya mtumba, na wiki inayofuata anaingia kijijini na Altezza ya fedha, vumbi limetimka nyuma yake, kuku wanakimbia na watoto wanashangilia.

Wazee wangu, hapa ndipo tunapoachana. Mnasema huyu kijana mjinga, angenunua ng'ombe. Kwani aliyeinama miezi mitano kwenye mfereji hana haki ya kupenda kitu kizuri? Nani aliandika kwamba mkulima wa vitunguu apende jembe tu, na mwendo aachiwe mtoto wa tajiri wa Masaki? Kupenda gari ni kupenda kazi ya akili ya mtu. Mimi mwenyewe nikiisikia injini ya silinda sita iliyotulia, kalamu inasimama. Sitaki kijana aache kulipenda gari lake. Ninachodai ni kwamba halipendi vya kutosha.

Maana hebu tujiulize, analijua? Altezza iliuzwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Ni gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na lilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka kule Japani kwa mwaka 1998 na 1999. Kuna mbili ambazo watu wetu wanazichanganya, na wengine wanazichanganya makusudi. AS200 ina injini ya silinda sita aina ya 1G, nguvu farasi 160. RS200 ina silinda nne aina ya 3S, na ile ya gia za mkono ina nguvu farasi 210. Zimepishana kwa farasi hamsini! Sasa nenda kwenye kijiwe chochote kuanzia Mikumi hadi Morogoro mjini uhesabu AS200 zilizobandikwa maandishi ya RS200 nyuma. Maandishi hayo yanauzwa madukani kama pipi. Jamaa anaamka asubuhi na farasi 160, anakunywa chai, anabandika, na saa nne ana farasi 210. Huo ni ufugaji ambao hata Wamasai hawajaufikia.

Halafu kuna stika ya GR. Hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Utaiona kwenye boneti, kwenye kioo cha nyuma, mpaka kwenye bajaji. GR ni Gazoo Racing, timu ya mashindano ya Toyota, ileile iliyoshinda Safari Rally kila mwaka kuanzia 2021, mbio hizo ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia kule Naivasha, hadi 2025. Lakini timu hiyo ilianzaje? Mwaka 2007, Akio Toyoda, wakati huo mmoja wa wakubwa wa kampuni na bado hajawa rais wake, alikwenda Ujerumani kwenye mashindano ya saa 24 ya Nürburgring akiwa na fundi na dereva wake wa majaribio, mzee Hiromu Naruse. Hawakutumia hata jina la Toyota. Timu waliiita Gazoo, na Toyoda akajiandikisha kwa jina la bandia, Morizo. Na waliendesha nini? Altezza mbili za mtumba!

Naomba msomaji usome tena sentensi hiyo. Gari lilelile. Mtumba kama huo wa kwako. Wenye kiwanda walichukua gari lililokwisha kuacha kuundwa wakalitengeneza liwe la mashindano, kwenye njia ya zaidi ya kilometa 20 kwa mzunguko, milima na kona, mchana na usiku, na magari yote mawili yakafika mwisho. Hayakushinda, yalikuwa nyuma huko mkiani. Yalifika. Kufika huko hakukutokana na stika. Kulitokana na miezi ya kufungua na kufunga, breki, shokapu, matairi, mkanda, kikinga-mwili cha chuma. Stika ilikuja mwishoni, kama jina la mwandishi linavyokuja juu ya jalada kitabu kikishaandikwa. Sisi tumeanza na jalada.

Sasa tuingie chini ya gari, maana mabishano ya kijiweni hayaishi kwa sababu hakuna anayeingia chini.

Springi. Gari la mashindano huwa chini, kweli, kwa sababu gari la chini halilali sana kwenye kona. Lakini hushushwa kwa springi fupi zilizotengenezwa ngumu zaidi na shokapu za kuendana nazo. Fundi wetu anachukua springi ya kawaida, anakata mizunguko miwili, anarudisha. Shokapu ni ileile ya urefu wa mwanzo. Matokeo yake gari likitua kwenye shimo shokapu inagonga mwisho, na gurudumu likining'inia springi inacheza kwenye kikombe chake kama jino bovu. Matairi yanasimama upande, yanaliwa ndani, na usukani unavuta bila kuambiwa. Gari limekuwa chini, ndiyo. Limekuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani, na umelipa hela ili liwe baya.

Bawa. Bawa linakandamiza gari kwa upepo, na nguvu ya upepo inakua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukienda kilometa 180 kwa saa unapata kitu. Ukienda 60 unapata sehemu moja ya tisa ya hicho kitu. Bawa la bati lililofungwa kwa bolti mbili kwenye mfuniko wa buti halikandamizi hata vumbi. Na ajabu ya Mungu ni kwamba chini ya bawa hilo, ndani ya buti, jamaa kaweka spika mbili za ukubwa wa mtungi wa maji na betri ya ziada! Mwenye mashindano ya kweli anang'oa zulia, anang'oa siti za nyuma, anang'oa hata vitasa, anatafuta kupunguza kilo. Wewe umepakia disko zima, halafu unajiita reza.

Mabomba. Hapa naomba tuache utani. Ndani ya gari la mashindano kuna kikinga-mwili, yale mabomba yanayozunguka juu ya kichwa na pembeni. Bomba lake ni la chuma kisicho na mshono, limevutwa baridi kiwandani, na miguu yake imechomelewa kwenye bodi kwa vibao vya chuma. Dereva amevaa helmeti, na mkanda wake una kamba tano au sita zinazomgandisha kwenye siti kama mtoto mgongoni. Ndiyo maana gari likibingirika anatoka anapunga mkono. Sasa vijana wetu wamepeleka magari kwa fundi wa mageti. Anapindisha bomba la maji, lile la mshono, anachomelea kijivibao, anafunga kwa nati kwenye sakafu ya bati jembamba, anapiga rangi nyekundu. Linapendeza, si mchezo! Lakini hakuna helmeti. Kichwa kitupu, na chuma kimekaa sentimeta kumi kutoka kwenye sikio. Kwenye ajali ndogo ambayo gari la kawaida lingekupa uvimbe tu, hapo umeweka nyundo pembeni ya kichwa chako wewe mwenyewe.

Na siti. Ukitaka siti ya kukumbatia kama za mashindano unang'oa ya zamani. Kumbuka kwamba kifungio cha mkanda mara nyingi kimefungwa kwenye siti hiyo unayoing'oa. Siti imeuzwa, kifungio kimeondoka nayo, na mahali pake imekuja mikanda minne ya urembo iliyofungwa sijui kwenye nini. Nimeona mmoja umefungwa kwenye mguu wa siti ya nyuma. Nimeona mwingine haujafungwa popote, umetundikwa tu kama tai.

Mwaka juzi jamaa mmoja wa kitongojini kwetu, ambaye simtaji kwa sababu mama yake ni mtu wa heshima na ananiita mwanangu, alinikuta kituoni nasubiri usafiri wa Mikumi. "Panda mwanangu, nusu saa tu tuko Mikumi." Nikachungulia ndani. Nyuma walikaa wadogo zake wawili wa kike, wanarudi shule, sanduku za bati magotini, bomba jekundu limepita juu ya vichwa vyao. Mikanda ya nyuma haikuwepo. Ilitolewa ili bomba lipate mahali pa kukaa. Nikamuuliza, "Kaka, hawa watoto wamefungwa na nini?" Akacheka, akasema wamefungwa na Mungu. Nikabaki kituoni. Akaniita mshamba wa vitabu mbele ya watu wote wa kituo, akaondoka na ule mlio.

Walifika. Ndiyo, walifika salama, na mpaka leo hunitupia hilo kila tukikutana. "Mbona tulifika?" Hiyo ndiyo hoja yao kuu, ukiichuja hoja zao zote hiyo ndiyo inayobaki kwenye kitambaa. Lakini mtu akivuka mto wenye mamba akafika ng'ambo, je, tuseme mamba hawapo?

Tuitazame barabara yenyewe ambayo tunataka kuifanya uwanja wa mashindano. Upande mmoja kuna Mikumi, barabara inakatiza hifadhi kwa kilometa kama 50, na humo kuna twiga, nyati na tembo ambao hawajasoma alama yoyote ya barabarani, na kuna matuta ambayo gari la springi zilizokatwa linayapita kimshazari kama kaa. Upande wa pili, ukielekea Iringa, unapita mibuyu na kuikuta Kitonga. Malori ya mizigo yanateremka pale kwa gia ndogo, yananguruma, na harufu ya breki unaipata hata ukiwa umefunga vioo. Madereva wale wa malori wana miaka na miaka barabarani na bado Kitonga wanaipa heshima. Mshikaji wangu wa Altezza anateremka akiwa na mkono mmoja kwenye usukani na mwingine dirishani.

Kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa gari linakata mita 28 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, kabla hujagusa breki, imekwisha kula mita 28. Na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Hapo tunasema breki nzima. Je, mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishakunywa maji, kiwango cha chini kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Ukishuka mlima mrefu umekanyaga breki muda wote, diski zinawaka, mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba ya breki, na pedeli inazama kama umekanyaga ugali. Hapo ndipo kijana anajua kwamba stika haifungi breki. Chupa ya mafuta hayo, jamani, ni hela ndogo mno ukilinganisha na bawa!

Na kama lazima tuige, kwa nini tunaige wasiotuhusu? Njia ya Malolo si uwanja wa lami wa Japani. Gari la chini linasugua tumbo kuanzia nyumbani hadi barabara kuu. Sisi tuna mashindano yetu, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, barabara zilezile za vumbi na tope ambazo babu zetu walipita. Mwaka 1963 yalimalizwa na magari saba tu, na 1968 yakamalizwa na saba tena. Mwaka 1966 na mwaka 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404. Gari la familia! Gari ambalo wazee wetu walilipanda kama teksi! Magari ya Safari yaliinuliwa, hayakushushwa. Yalikingwa chini ya injini kwa bamba la chuma, yakafungwa mataa makubwa ya kuonea usiku na mabomba ya mbele ya kumkinga dereva na ng'ombe wa watu. Huo ndio muonekano wa gari la mashindano wa kwetu, na kila kipande chake kina kazi. Kijana akiinua Altezza yake kidogo, akaikinga tumbo, akaipa taa za maana, nitampigia makofi mpaka viganja viwake. Mpaka leo sijaona hata mmoja. Eti haivutii wasichana.

Nageukia waandishi wenzangu, maana nyie ndio wasomaji wa kurasa hizi na najua kuna aliyekwisha kuuliza: haya yanahusu nini fasihi? Yanahusu. Nani aliyemfundisha kijana huyu kwamba mwendo ni sura? Nimesoma hadithi zetu wenyewe, za vijana wa Sinza na Mwanza na Arusha, zilizochapwa na ambazo hazijachapwa. Kila mpelelezi ana gari la spoti. Analiendesha kilometa 200 kwa saa kwenye barabara za Dar es Salaam zenye foleni, anapiga kona "kwa mbwembwe," matairi yanalia, adui anabaki kwenye vumbi. Hakuna hata mmoja anayebadilisha padi. Hakuna anayepata pancha Chalinze. Hakuna dada wa mtu kwenye siti ya nyuma na sanduku lake la bati. Tumeandika mbwembwe kwa miaka mingi, na kijana wa vitunguu ametusoma akatuamini, kisha mnashangaa kwamba amekwenda kununua bawa? Mimi riwaya ninayoiandika ina gari, na sura nzima ya saba ni mtu amelala chini ya gari hilo usiku anatafuta kinachovuja. Rafiki mmoja kaisoma akasema inachosha. Sitaipunguza hata mstari.

Kuna mmoja aliniambia, "Sasa wewe unataka sisi maskini tusipambe magari mpaka tuwe na hela za Wajerumani?" Hapana bwana. Nimesema wapi usipambe? Paka rangi, andika namba, bandika hata picha ya bibi yako. Lakini hela ya kwanza iende kwenye mafuta ya breki, ya pili kwenye padi na diski, ya tatu kwenye shokapu, ya nne kwenye matairi ambayo hayajazeeka. Rudisha mikanda ya nyuma. Bomba la maji lipeleke bombani. Ikibaki hela nenda kwa muuza stika, na hapo ukiandika GR mimi sitabisha, kwa sababu utakuwa umefanya walichofanya wale wa 2007.

Anayetaka kunijibu, kurasa zipo, na mhariri ameniahidi atachapisha hata matusi yakiwa na herufi kubwa mahali panapostahili. Ila naomba kitu kimoja. Kabla hujashika kalamu toka nje ukachuchumae kwenye tairi la nyuma la gari lako. Pembeni ya ile mpira kuna tarakimu nne ndani ya duara dogo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Uziandike juu ya barua yako, kabla ya jina.